Bolti ya Usukani

Kila siku alipotoka shuleni, Nati aliingilia mlango wa nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa wa wageni. Wa nyuma ulikuwa wa mafundi. Alitupa begi juu ya benchi, akavua sare, akavaa suruali kuukuu ya shangazi yake na kuikunja miguuni, kisha akanawa mikono kwa sabuni. Bibi hakuacha kushangaa.

"Mtu ananawa ili akachafuke!"

"Grisi haitaki mchanga, Bibi."

"Na mimi sitaki grisi kwenye mapazia yangu. Pita huko!"

Jina lake halisi lilitumiwa na walimu tu. Nyumbani wote walimwita Nati, kwa sababu tangu utotoni mifuko yake ilijaa nati alizookota barabarani, na Bibi alipozifua nguo zake ndoo ililia kama njuga. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliishi na Bibi na Shangazi kwa kuwa nyumba yao ilikuwa karibu na shule kuliko ya wazazi wake.

Shangazi alikuwa fundi wa malori. Mchana kutwa alitengeneza magari ya watu. Jioni, katika banda la mabati nyuma ya nyumba, alitengeneza la kwake. Nalo halikuwa gari la kubebea mizigo wala la kwendea sokoni. Lilikuwa gari la michezo: fupi, pua ndefu, viti viwili, halina paa wala milango. Alikuwa ameliota tangu akiwa msichana, na sasa alikuwa akiliunda kwa mikono yake mwenyewe.

"Sisi tuko watatu, ninyi mnaunda gari la watu wawili," Bibi alilalamika. "Nani atabaki nyumbani kulinda sufuria?"

"Si ulisema hutalipanda, Mama?" Shangazi alimkumbusha.

"Sitalipanda. Lakini niulizwe!"

Mifupa ya gari, yaani yale mabomba ya chuma yanayoshika kila kitu, iliungwa na jirani yao mchomeleaji, mtu mfupi mwenye sauti kubwa aliyejulikana kwa jina la Fundi Cheche. Lakini injini haichomelewi nyumbani, wala giaboksi, wala breki, wala usukani. Vitu hivyo vilitoka kwenye gari jingine, gari dogo lililogongwa na lori kwa nyuma hadi buti likasogea na kukumbatia kiti cha abiria. Walilikuta kwenye yadi ya vyuma ya Mzee Chakavu, likiwa limeegemea ukuta.

"Huku nyuma limekufa," Mzee Chakavu aliwaambia, akaligonga boneti kwa kiganja. "Huku mbele liko hai. Lichukueni, likaishi kwingine."

Wakalivuta hadi nyumbani. Kazi ya kulifungua na kutoa spea zake mafundi huiita kuchinja gari. Bibi aliposikia alicheka. "Mnachinja kitu kisicho na damu?" Shangazi akafungua kizibo cha chini ya injini, mafuta meusi yakamwagika kwenye beseni. "Damu ndiyo hiyo, Mama."

Nati alipewa kazi ya kweli, siyo ya kushika tochi. Alifungua bolti, akasafisha, akapaka grisi, akaweka kila kitu kwenye kopo lake. Shangazi alikuwa na sharti moja.

"Kitu kinachotoka hapa kinakwenda kubeba roho za watu kule. Kikivunjika, niambie. Kikipotea, niambie. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Shangazi."

Wiki iliyofuata, Nati aliangusha taa ya mbele na kioo kikapasuka. Alisema palepale. Shangazi hakumgombeza, ila alikuwa amechoka siku ile, akashusha pumzi na kusema, "Nati, mikono yako ina haraka mno. Ukiniharibia kingine nitakupa ufagio, kazi ya spana itaisha." Alisema kama mtu anayesema jambo dogo, akaendelea na kazi yake. Nati hakulala vizuri. Kushika ufagio, wakati spana ndiyo iliyokuwa furaha yake yote? Heri asingekaribia banda kabisa.

Basi siku moja wakafika kwenye usukani. Chini ya dashibodi kulikuwa na mti wa chuma ulioshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye sanduku linalogeuza magurudumu. Mti na sanduku viliunganishwa na kiungo kimoja, na kiungo kilibanwa na bolti moja tu, nene kama kidole. Kutu ilikuwa imeila pande zote.

Shangazi aliitazama kwa tochi. "Hii imwagie mafuta, uiache inywe mpaka kesho. Usiilazimishe. Mimi nimeitwa gereji, lori limekwama." Akaondoka.

Nati aliimwagia mafuta. Akasubiri. Akapangua kiti cha dereva, akarudi kuitazama. Akaitia spana, akavuta, haikutikisika. Pale ukutani paliegemea bomba ambalo Shangazi hulitumia kurefusha mpini wa spana kwenye bolti za malori. Nati akalitazama, akageuza macho, akalitazama tena. Fikiria Shangazi anarudi na kukuta usukani wote uko nje, umesafishwa, unang'aa! Alilichukua bomba, akalivika kwenye spana, akaning'inia kwa uzito wake wote.

Kak!

Alianguka kwa makalio. Kwa sekunde alidhani bolti imelegea. Kisha akaona kichwa chake kikibingirika sakafuni, na shina lake limebaki ndani ya kiungo.

Alichukua tindo na nyundo, akaligonga lile shina mpaka likatoka, kiungo kikafunguka, akautoa usukani nje. Akakipekua kopo la bolti za zamani, akatafuta ya kufanana nayo. Alipata moja yenye urefu uleule, lakini ilikuwa nyembamba kidogo. Iliingia kwa urahisi mno, kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Nati akakata kipande cha kopo la soda, akakizungusha kwenye bolti ili ijae, akaisukuma, akakaza. Halafu akaipaka grisi nyingi nyeusi. Vipande vya ile iliyovunjika akavitupa kwenye mtaro nje ya ua, maji machafu yakavimeza.

Jioni Shangazi alirudi, akachuchumaa karibu na usukani uliolala juu ya gunia.

"Umetoka! Mafuta yamefanya kazi upesi hivyo?"

"Yamefanya, Shangazi."

"Na bolti yenyewe haikuumia? Ndiyo hii?"

Akilini Nati aliiona taa iliyopasuka, akauona ufagio. "Ndiyo hiyo hiyo."

Shangazi alimshika bega. "Una mkono wa fundi, mtoto wewe." Sifa ile ilimwingia Nati kama mwiba, ikakaa.

Alijiambia kwamba ataibadilisha, kwamba atapata bolti nzuri mahali, aibadilishe kimyakimya, na mambo yaishe. Lakini kazi ilikwenda mbio. Usukani ulifungwa kwenye gari jipya, na kwa kuwa hakuwa amepata bolti nyingine, Nati alikikaza kiungo mwenyewe kwa ileile. Kabla Nati hajapata nafasi, Fundi Cheche alichomelea mabomba ya kuimarisha sehemu ya miguu ya dereva, na kiungo kile kikabaki nyuma yake. Sasa kuifikia bolti ile kungehitaji kung'oa kiti na pedali mbele ya macho ya watu wote. Uongo uliokuwa mfukoni ukawa umefungiwa ndani ya chuma.

Jioni moja Shangazi aliushika usukani, akautikisa kushoto na kulia. Akakunja uso.

"Kuna mchezo. Nageuza kidogo, magurudumu hayaitikii."

Nati alikuwa akifuta vumbi. Kitambaa kikasimama.

"Bolti ya kiungo ni ileile na ni nzima," Shangazi aliendelea, akijisemea. "Basi ni ncha za mbele, zile zinazosukuma magurudumu." Akalala chini ya gari, akazikagua ncha za mbele, akazifungua, akazibadilisha. Ule mchezo ukapungua, haukuisha. "Labda sanduku lenyewe limezeeka. Kama magoti ya Mama."

"Magoti yangu usiyatie humo!" Bibi aliitikia kutoka jikoni.

Wote walicheka. Nati naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kikavu kama kikohozi.

Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, kuku wa jirani waliruka ua. Bomba la moshi halikuwa na kizuia sauti bado, na mngurumo ulitikisa mabati ya banda. Fundi Cheche alicheza. Bibi aliziba masikio huku akitabasamu kwa siri. Shangazi alifuta macho kwa mkono wenye grisi, akabaki na miwani nyeusi usoni. Nati alisimama pembeni, akaona kwamba katika nyumba ile ni yeye peke yake asiyeweza kufurahi.

Jumamosi asubuhi walilivuta gari hadi kwenye machimbo ya kokoto yaliyofungwa zamani, mahali pasipopita watu wala magari. Juu palikuwa na uwanja tambarare. Kutoka uwanjani, barabara iliteremka taratibu, kisha ikakata kona kali. Upande wa nje wa kona ile hapakuwa na ukuta wala kizuizi. Palikuwa na shimo refu, na maji ya kijani yalilala chini yake.

Shangazi alilizungusha gari uwanjani peke yake, polepole. Nati aliuma kidole mpaka gari likarudi na kusimama. Hakuna kilichotokea. *Labda itashika,* moyo wake ulimnong'oneza. *Imeshika mpaka sasa.*

"Linaserereka kama maji!" Shangazi alisema. "Sasa nateremka hadi chini na kurudi. Nati, panda. Kiti hiki ni cha kwako, umekitolea jasho."

Nati aliitazama barabara. Akaiona kona.

"Tumbo linaniuma, Shangazi."

"Tumbo? Leo?"

"Linaniuma sana."

"Basi mimi," ilisema sauti nyuma yao. Bibi alikuwa amekuja kutazama tu, na kapu lake la chakula. Sasa aliliweka chini, akakaza kilemba chake kwa mafundo mawili. "Msinitazame hivyo. Nikifa bila kulipanda mtasema niliogopa."

Fundi Cheche alipiga makofi. Shangazi, huku akicheka, alimsaidia mama yake kuingiza mguu mmoja, kisha wa pili, akamfunga mkanda. Bibi alikaa wima kama malkia, mikono juu ya magoti yake mabovu.

Uongo wa Nati kuhusu tumbo ndio uliomweka Bibi kwenye kile kiti.

"Subiri!" alipaza sauti. "Nimesikia... tairi la nyuma linalia. La kulia. Linagonga."

Alitumaini watalitazama tairi, kisha watatazama na kingine, na kingine, mpaka waione bolti wenyewe bila yeye kusema. Fundi Cheche alileta jeki, akalinyanyua gari, akalizungusha tairi, akaligonga, akatega sikio.

"Zima kama yai," alisema. "Huyu mtoto leo ana tumbo la kuumwa na masikio ya popo."

"Anataka kiti chake," Bibi alisema. "Umechelewa, mjukuu wangu! Washa, mwanangu, twende."

Jeki ikashushwa. Injini ikawaka, ikanguruma. Nati alifungua kinywa. "Shangazi, bolti ya usukani..." Hakujisikia hata yeye mwenyewe. Shangazi aliona midomo yake ikicheza, akadhani anaaga, akampungia mkono. Gari likaanza kusogea.

Nati alikimbia. Hakuamua kukimbia, alijikuta tu anakimbia, kokoto zikiruka chini ya viatu vyake. Gari lilikuwa bado polepole, likitafuta mdomo wa barabara. Aliufikia ubavu wa dereva, akamshika Shangazi mkono kwa nguvu zake zote.

"Bolti si yenyewe! Niliivunja! Bolti ya usukani niliivunja mimi! Simama!"

Safari hii Shangazi alisikia. Aligeuka, akauona uso wa Nati, na mguu wake ukakanyaga breki. Huku gari likipunguza mwendo, alizungusha usukani ili aliweke kando ya njia. Usukani ukazunguka. Ukazunguka tena, mwepesi, kama kifuniko cha chupa kisicho na chupa. Magurudumu hayakugeuka hata kidogo. Gari lilikwenda mbele kama linavyotaka lenyewe, mwendo wa mtu anayetembea, likapanda rundo la mchanga na kusimama, pua juu.

Shangazi alizima injini.

"Mbona tumefika upesi?" Bibi aliuliza.

Shangazi alikuwa bado ameushika usukani uliokuwa haushiki kitu. Aliitazama barabara, akaitazama kona na ule uwazi wa upande wa pili. Kisha akaifungua mikono yake kidole kimoja kimoja.

Walimtoa Bibi. Shangazi na Fundi Cheche wakang'oa kiti, wakang'oa pedali, na Shangazi akajipenyeza hadi kwenye kiungo. Alipotoka alikuwa na bolti kiganjani, imepinda. Pamoja nayo kulikuwa na kijipande cha bati laini kilichosagika, lakini rangi yake nyekundu bado ilionekana.

"Kopo la soda," alisema polepole.

Nati alisema yote. Bomba, kak, mtaro, "ndiyo hiyo hiyo". Alisema na lile tumbo ambalo halikuuma, na tairi ambalo halikulia. Hakuacha kitu.

Fundi Cheche ndiye aliyelipuka. "Kwa kuogopa ufagio! Ungemzika bibi yako na shangazi yako kwa kuogopa ufagio!"

Shangazi aliinua mkono, naye akanyamaza. Lakini Nati angependa aendelee kugombezwa, kwa sababu sasa Bibi alikuwa anamwita. Bibi alikuwa ameketi juu ya kapu lililofunikwa, na sasa alikuwa ameelewa.

"Uliponiona nafungwa mkanda pale, ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

"Ukasema tairi."

"Nikasema tairi."

Bibi alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Machozi ya Nati yalidondoka kwenye vumbi, na Bibi hakumfuta. "Hilo la tairi limeniuma kuliko lile la bolti," alisema mwishowe. "Bolti uliivunja kwa utoto. Hili la tairi ulinitazama machoni." Akamnyooshea mkono. "Lakini ulikimbia, ukasema. Hilo nalo nimeliona. Njoo hapa."

Nati alipiga magoti, akamwekea kichwa mapajani.

Hakuna aliyekula chakula cha kapuni. Walilivuta gari hadi nyumbani, wakaliingiza bandani, na Shangazi akafunga mlango. Kwa siku kadhaa hakuufungua. Nati alipotoka shuleni hakuvaa ile suruali. Alifagia ua, akaosha vyombo, akafanya hesabu zake. Hakuna aliyemwambia afagie. Alifagia kwa sababu hakujua mikono yake aipeleke wapi.

Kisha jioni moja Shangazi alisimama mlangoni mwa jiko na spana mbili.

"Nani atanionyesha kila bolti uliyoigusa? Mimi sizijui. Wewe ndiye unayezijua."

"Bado... nitaruhusiwa kuingia?"

"Kaa hapa kwanza." Wakaketi kwenye ngazi. Shangazi alikuwa na ile bolti iliyopinda, aliigeuzageuza. "Nati, sikiliza. Chuma kinavunjika. Mimi nimevunja bolti nyingi kuliko meno yako, na nitavunja nyingine kesho. Fundi hafukuzwi kwa hilo. Nilikosea kukutisha na ufagio kwa jambo la taa, hasa wewe uliyekuwa umesema kweli. Nisamehe kwa hilo."

Nati hakutegemea kuombwa radhi.

"Lakini lako ni kubwa kuliko langu, sitalipunguza. Ule mchezo wa usukani niliusikia kwa mikono yangu. Ningeifungua bolti ile siku ileile. Sikuifungua, kwa sababu ulikuwa umeniambia ni nzima, na mimi nilikuamini. Nilikwenda kutafuta ugonjwa mguuni wakati uko shingoni. Umeona uongo unavyofanya? Haukuficha bolti tu. Ulinifumba macho mimi, niliyekuwa na uwezo wa kukuokoa."

"Nimeona, Shangazi."

"Na ukweli wa nusu hautoshi. Ulisema tairi ukitumaini tutafika kwenye usukani wenyewe. Mtu anayezama hapigi kelele kwamba ana kiu." Akasimama. "Twende."

Walilifungua gari lote. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kulifunga. Katika kila sehemu Nati alisema alichofanya, na Shangazi akakagua. Sehemu nyingi zilikuwa nzuri, nyingine nzuri sana. Kwenye reli ya kiti cha abiria, Nati alisita. "Bolti hii niliifunga bila kukuita. Iliingia kwa shida, sijui kama meno yake yamekaa sawa." Shangazi aliifungua, meno yalikuwa yameumana kombo. Wakatia mpya. Hakuna aliyepandisha sauti.

Kiungo cha usukani kilikuwa kimelika, hakifai tena. Wakarudi kwa Mzee Chakavu kutafuta gari jingine la aina ile.

"Nilidhani mlishamaliza," mzee alisema. "Kimetokea nini?"

Shangazi alimtazama Nati, akamwachia ajibu mwenyewe. Uso wa Nati ulipata moto, lakini alisimama wima. "Niliivunja bolti, nikaficha, karibu watu wafe. Sasa tunatafuta kiungo kizima."

Mzee alimpima kwa macho. Hakucheka. "Lipo moja kule mwisho, nyuma ya basi. Shika tochi."

Bolti ya gari lile nayo ilikuwa imeshikwa na kutu. Nati aliimwagia mafuta, wakaenda zao. Walirudi kesho yake baada ya shule, akaijaribu. Haikutikisika, akaimwagia tena. Siku iliyofuata ililia kidogo, kama mlango wa zamani, kisha ikazunguka. Kiungo kilitoka kizima. Shangazi alikikagua kwenye mwanga, pande zote, ndipo akakubali. Bolti yenyewe waliinunua mpya dukani, nene na ngumu inavyotakiwa. Shangazi aliifunga mwenyewe. Nati aliushika usukani upande wa juu.

"Zungusha."

Alizungusha. Magurudumu yaligeuka papo hapo, kama masikio ya paka. Hapakuwa na mchezo hata wa unywele.

Walirudi machimboni asubuhi yenye upepo. Shangazi aliteremka peke yake kwanza, akaikata kona, akarudi. Akateremka tena kwa mwendo zaidi, akarudi. Halafu akasimama na kugonga kiti cha pembeni.

Nati alimtazama Bibi. "Kiti ni chako, Bibi. Ukitaka."

Bibi alimsogelea, akamshika kidevu, akamtazama machoni kama alivyomtazama siku ile. "Kuna neno lolote la kuniambia?"

Nati alifikiri. Alifikiri kweli, kiungo baada ya kiungo, kuanzia pua ya gari hadi mkia. "Hakuna, Bibi. Na lingekuwapo ningesema."

"Basi nipe mkono, magoti haya hayana spea."

Gari lilinguruma, likateremka. Nati na Fundi Cheche walisimama juu ukingoni. Kwenye kona pua ilipinda, taratibu na kwa utiifu, gari likapotea nyuma ya jabali, na mngurumo ukafifia. Kisha likaonekana chini kabisa, dogo kama kichezeo, kilemba cha Bibi kikipepea nyuma kama bendera.

Liliporudi juu, Bibi alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, anacheka kama msichana. Alimvuta Nati karibu.

"Nilipofika pale konani niliogopa," alisema. "Halafu nikakumbuka kwamba nimekuuliza, nawe umenijibu. Nikaachia mkanda niliokuwa nimeung'ang'ania. Unasikia, mjukuu wangu? Bolti ikikatika, dukani ipo nyingine. Neno la mtu likikatika, haliuzwi popote. Analitengeneza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kusema kweli hata pale panapouma. Wewe umeanza. Usiache."

Kisha akamsukuma kuelekea kwenye gari.

"Haya, panda. Shangazi yako anakungoja."